Moyo Unapokwenda Mbio, Usikubali Kuambiwa ni Mawazo tu

HEBU tuanze na safari fupi. Ukitoka Kisumu kwa matatu, ukapita Ahero na mashamba yake ya mpunga, ukafika Katito na kukata kulia kuelekea Kendu Bay, hutakawia kufika Pap Onditi, katika eneo la Nyakach. Upande mmoja kuna uwanda unaoteremka hadi ziwani. Upande wa pili mwinuko wa Nyabondo umesimama kama ukuta.

Sasa mtie akilini mama mmoja wa huko. Hatumpi jina kwa sababu ni mfano tu, lakini ukimtazama vizuri utamtambua. Huenda ni shangazi yako, huenda ni jirani yako wa Manyatta au Kayole. Ana umri wa miaka 38. Huuza omena sokoni na ana watoto wanne, na yule wa kwanza yuko chuo kikuu huko Maseno.

Kwa muda wa miezi mitatu mama huyu hapati usingizi. Akilala, moyo humwenda mbio kama wa mtu aliyekimbizwa na nyuki. Mikono inamtetemeka hata kuhesabu chenji ni kazi. Jasho linamtoka asubuhi wakati wenzake wamejifunika leso. Amekuwa mwepesi wa hasira, na watoto wameanza kumkwepa.

Kwanza alienda kwenye duka la dawa. Akaambiwa ni malaria, naye akameza dawa. Hakupona. Akarudi, akaambiwa ni taifodi, akameza nyingine. Hakupona. Mwishowe alifika katika kliniki moja. Foleni ilikuwa ndefu na mhudumu alikuwa amechoka. Aliulizwa maswali ya haraka haraka: Bwana yuko wapi? Yuko Nairobi. Karo imelipwa? Bado. Nyumba ilisalimika mafuriko ya 2024? Maji yaliingia hadi jikoni.

"Mama," akaambiwa, "una mawazo mengi. Ni wasiwasi tu." Akapewa tembe za kutibu mtu aliyeshuka moyo, akaambiwa ameze moja kila asubuhi.

Wiki mbili baadaye hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Usingizi ulipotea kabisa. Mama mkwe alianza kunong'ona habari za juogi. Jirani akasema amerogwa. Yule binti wa chuo aliporudi nyumbani kwa likizo, alimtazama mamake kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Mama, hizi gauni zako mbona zinakupwaya na unakula vizuri? Hebu meza mate nikuangalie shingo."

Mama akameza mate. Kitu kama yai dogo kikapanda na kushuka shingoni.

Hakikuwa kitu cha kuroga, wala hayakuwa mawazo. Ilikuwa tezi ya shingoni, ile ambayo wataalamu huiita thairoidi, nayo ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Kipimo kimoja cha damu mjini Kisumu kilitosha kuonyesha hivyo.

WASIWASI WENYEWE NI NINI?

Usituelewe vibaya. Ugonjwa wa wasiwasi upo, ni ugonjwa halisi, na huwatesa watu wengi. Wajaluo wana neno lake, parruok, na mtu akikwambia "chunya chandore" anakwambia kwamba moyo wake unamsumbua, na hakosi sababu. Katika eneo ambalo ziwa lilifurika mwaka 2020 na tena 2024, likafukuza familia makwao, atakayekosa wasiwasi ni nani?

Lakini kuna wasiwasi wa kila mtu na kuna wasiwasi uliogeuka kuwa ugonjwa. Mwanafunzi akitetemeka kabla ya mtihani, huo si ugonjwa. Wataalamu husema ni ugonjwa wakati mtu anapohangaika karibu kila siku kwa muda wa miezi 6 au zaidi, juu ya mambo mengi, na hawezi kujizuia, na kazi yake au masomo yake yanaharibika. Aina nyingine ni ile hofu ya ghafla inayompata mtu bila onyo. Moyo hudunda, pumzi hukatika, naye hudhani anakufa. Hofu hiyo hufika kileleni kwa dakika chache kisha hutulia.

Pia kuna karatasi ya maswali saba iliyotolewa mwaka 2006 ambayo hutumiwa katika hospitali nyingi duniani kupima wasiwasi, na ndugu yake ya maswali tisa inayopima kushuka moyo. Ni vyombo vizuri. Hata hivyo, kazi yake ni kama ya mbwa anayebweka usiku. Anakwambia kuna mtu langoni, lakini hakwambii kama ni mwizi au mgeni. Anayetoa jina la ugonjwa kwa kuhesabu alama tu hajamaliza kazi yake.

MAGONJWA YANAYOVAA NGUO ZA WASIWASI

Kwa nini basi makosa hutokea? Kwa sababu mwili una njia chache za kulia. Moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, pumzi fupi, kizunguzungu na kukosa usingizi ni dalili za wasiwasi, na ni dalili za mambo mengine mengi. Tazama haya, hasa wewe ambaye jamaa zako wanaishi pwani ya Ziwa Victoria.

Ya kwanza ni hiyo tezi ya shingoni. Ikizidisha kazi, mwili wote huwa kama jiko lililowashwa moto mwingi. Mtu hukonda ingawa anakula, huchukia joto, hutetemeka vidole, na wakati mwingine macho humtoka. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume.

Ya pili ni upungufu wa damu. Huku ni nchi ya malaria, na ugonjwa wa selimundu si mgeni katika jamii za Nyanza. Ongeza akina mama wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi na wale wajawazito. Damu ikipungua, moyo hulazimika kupiga haraka ili kufikisha hewa mwilini. Mtu akipanda kilima kidogo tu, anahema. Hali hiyo haitulizwi na mawaidha.

Ya tatu ni moyo wenyewe. Mtoto akiugua koo mara kwa mara bila kutibiwa vyema, anaweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Miaka baadaye, akiwa kijana wa sekondari au chuo, anaanza kuhema na kusikia mapigo yasiyo ya kawaida. Akiambiwa ni hofu ya mtihani, anapoteza wakati ambao hatarudishiwa.

Ya nne ni sukari. Anayetumia insulini au tembe za kisukari akikosa chakula, sukari hushuka. Anatetemeka, anatoka jasho, anaogopa bila sababu. Dawa yake ni kitu kitamu mara moja, na asipopewa anaweza kuzimia.

Ya tano ni dawa na vinywaji tunavyotumia wenyewe. Dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamoli, hutetemesha mikono na kukimbiza moyo. Meflokwini, dawa ya malaria ambayo baadhi ya wasafiri wamewahi kutumia kujikinga, inajulikana kwa kuleta hofu na ndoto mbaya. Efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, iliwaletea wengi ndoto za kutisha, kizunguzungu na wasiwasi. Kenya ilianza kuleta dolutegraviri mwaka 2017, na hiyo ndiyo iliyochukua nafasi yake kwa wagonjwa wengi, ingawa nayo humnyima usingizi mtu mmoja mmoja. Halafu kuna miraa, kahawa ya kukesha na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi huvinywa wakati wa mitihani. Na kuna mlevi aliyeacha pombe ghafla. Kutetemeka kwake si woga, na anaweza hata kupata kifafa.

Mwisho, jasho la usiku pamoja na kukonda ni jambo la kupimiwa kifua kikuu, si la kubembelezwa.

KOSA LINALOKWENDA UPANDE WA PILI

Haki ni kusema yote. Kosa hili lina pande mbili. Wapo wanaoambiwa "ni mawazo" na kumbe ni mwili. Wapo pia wanaougua wasiwasi hasa, lakini kwa miaka wanatibiwa malaria, taifodi, vidonda vya tumbo na presha.

Wewe mwenyewe huenda unamjua mtu mwenye mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za hospitali. Ameshapimwa taifodi mara kumi, na kila mara anaambiwa "iko kidogo". Kipimo cha damu cha taifodi kinachotumiwa sana hapa nchini kina sifa mbaya ya kumwonyesha mgonjwa mtu ambaye hana ugonjwa huo. Pesa za karo zinaisha kwa dawa, na hakuna aliyemwuliza: Unalala vipi? Unaogopa nini? Nani amekufa?

Kwa hiyo makala hii haikwambii kwamba wasiwasi ni uongo. Inakwambia kwamba mwili na akili ni wapangaji wa nyumba moja. Anayechunguza chumba kimoja na kuufunga mlango wa pili hajachunguza nyumba.

DAWA HIZI ZILITOKA WAPI?

Dawa za kutibu kushuka moyo ziligunduliwa kwa njia ya ajabu. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, jijini New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa za ugonjwa huo. Mojawapo iliitwa iproniazidi. Waligundua kwamba wagonjwa wao, watu waliokuwa wamelala wakingoja kifo, walianza kuchangamka na hata kucheza densi wodini. Hivyo dawa ya kifua ikageuka kuwa dawa ya moyo uliovunjika. Baadaye ilionekana kwamba inadhuru ini, ikaachwa karibu kila mahali. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 daktari Roland Kuhn wa Uswisi aligundua nguvu za imipramini, na kutoka ukoo huo tukapata amitriptilini ambayo ingali inatumika katika hospitali zetu. Prozac, ambayo jina lake la kitabibu ni fluoksetini, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987.

Fluoksetini na amitriptilini zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si sumu, wala si dawa za wendawazimu. Zimeokoa maisha ya watu wengi. Hata kwa ugonjwa wa wasiwasi wenyewe, miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2023 inakubali kundi la fluoksetini litumiwe kwa watu wazima. Miongozo hiyo hiyo haipendekezi Valium na jamaa zake kwa ugonjwa wa wasiwasi, kwa kuwa mtu huzizoea hadi asiweze kulala bila hizo. Na kwa mtu mzima aliyeshuka moyo kidogo tu, inashauri tembe zisiwe jambo la kuanzia.

Shida basi si dawa. Shida ni dawa njema kupewa mtu asiyeihitaji, au kupewa anayeihitaji bila kuelezwa wala kufuatiliwa.

HATARI ZILIZOFICHIKA KATIKA PAKETI

Hatari ya kwanza ni wiki za mwanzo. Dawa hizi hazifanyi kazi siku moja kama Panadol. Huchukua wiki 2 hadi 6. Lakini madhara yake huja mapema, kama vile kichefuchefu, kuumwa na kichwa, kukosa usingizi na kutotulia. Mgonjwa asiyeonywa hudhani ugonjwa umezidi. Wengine huongeza tembe, wengine huzitupa chooni.

Hatari ya pili inawahusu vijana. Mwaka 2004 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru onyo kali liandikwe kwenye dawa hizi, kwamba zinaweza kuzidisha fikira za kujiua kwa watoto na vijana. Mwaka 2007 onyo hilo lilipanuliwa hadi vijana wa miaka 24. Hii haina maana kwamba kijana asitibiwe kamwe. Maana yake ni kwamba kijana akipewa tembe hizi, asiachwe peke yake katika chumba cha kukodi huku wazazi wakituma pesa tu. Apigiwe simu, atembelewe, aulizwe waziwazi. Kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii fikira hiyo kichwani. Zamani familia ziliogopa kusema kwa sababu sheria ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho cha 226 kinakiuka Katiba. Kwa hiyo sema, tena sema mapema.

Hatari ya tatu ni ugonjwa wa hali mbili, ambapo mtu hushuka moyo kwa kipindi fulani, kisha hupanda juu kupita kiasi. Anapokuja hospitalini, kwa kawaida yuko chini, na anaonekana kama mtu mwenye huzuni na wasiwasi tu. Akipewa dawa ya kuinua moyo peke yake, anaweza kupaa. Halali siku nne, anaongea bila kituo, anauza ng'ombe wa nyumbani kwa bei ya kuku, anatangaza atagombea ubunge. Hapo jamii husema amepata neko, yaani wazimu, kumbe dawa imepuliza makaa yaliyokuwa chini ya jivu. Swali moja lingeweza kuzuia hayo: "Je, umewahi kuwa na siku ambazo hukulala na hukuchoka, ukawa na nguvu na furaha isiyo ya kawaida?" Na jamaa wa karibu aulizwe vilevile, kwa sababu mwenyewe husahau.

Hatari ya nne ni kuchanganya. Amitriptilini hutolewa pia kwa dozi ndogo kwa watu ambao miguu inawawaka moto kwa sababu ya kisukari au virusi, na kwa kipandauso. Mtu huyo akienda kliniki nyingine na kupewa fluoksetini, dawa ya pili huizuia ya kwanza isitoke mwilini, ikajaa na kuusumbua moyo. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo vijana wengine huitumia vibaya, ikikutana na fluoksetini inaweza kuleta homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa na kifafa. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na aspirini zikiunganishwa na kundi hilo huzidisha uwezekano wa kutokwa na damu tumboni.

Hatari ya tano ni wingi wa tembe nyumbani. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja inaweza kusimamisha moyo. Paketi ya mwezi mzima isikae juu ya kabati mbele ya watoto, wala mikononi mwa mtu aliyekata tamaa.

Hatari ya sita ni kuacha ghafla. Pesa zimeisha, au mtu amejisikia nafuu, au mhubiri amemwambia atupe dawa. Baada ya siku chache anapata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, na hisia kama ya kupigwa na umeme kichwani. Anasema, "Ugonjwa umerudi." Mara nyingi siyo ugonjwa. Ni mwili uliostushwa. Dawa hizi hupunguzwa polepole, kwa maelekezo ya daktari.

Na ikumbukwe kwamba kisheria dawa hizi haziuzwi bila cheti cha daktari. Anayekuuzia juu ya kaunta kwa kuwa "umesema huna usingizi" amekukosea wewe na ameikosea sheria.

KUNA TIBA ISIYOKUWA KWENYE CHUPA

Huenda unasema, "Basi kama si dawa, maskini wa Pap Onditi afanye nini? Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako Nairobi." Ni kweli. Jopo kazi lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilisema mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili nchini inastahili kutangazwa janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022. Hata hivyo, sheria haimsikilizi mgonjwa. Mtu ndiye husikiliza.

Habari njema ni kwamba msikilizaji si lazima awe daktari. Jirani zetu wa Uganda walionyesha hivyo katika vijiji vya Rakai na Masaka. Watu walioshuka moyo walikutana kwa makundi, mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani na maisha yaliyobadilika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuhudhuria.

Zimbabwe, kuanzia 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye "kufungisisa", neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulithibitisha kwamba benchi hilo linasaidia. Na Kisumu kwenyewe, watafiti wa KEMRI na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wamelinganisha mazungumzo ya namna hiyo na fluoksetini katika hospitali ya kaunti ili kujua nani aanze na nini. Sisi ambao tumekua tukiketi na nyanya jioni tunapaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko Wazungu.

UFANYE NINI KESHO ASUBUHI?

Msomaji, kata sehemu hii uiweke kwenye kabati.

Kabla hujakubali kuambiwa ni wasiwasi, omba haya: kupimwa presha, mapigo ya moyo, joto na uzito, kiwango cha damu, sukari, na shingo kutazamwa na kushikwa. Ikiwa umekonda, unatetemeka au shingo imevimba, uliza kipimo cha thairoidi. Ikiwa unahema au mapigo yanarukaruka, uliza kipimo cha umeme wa moyo. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa aulizwe kama ni mjamzito. Vipimo vikubwa huenda usivipate kituo cha karibu, lakini barua ya kupelekwa Kisumu ni haki yako, iwe ni hospitali ya kaunti au ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado huiita Russia kwa sababu Warusi ndio walioijenga.

Beba dawa zote unazotumia ndani ya mfuko mmoja: za hospitali, za dukani na zile za miti shamba. Usione haya kutaja pombe, miraa au dawa za virusi. Daktari asiyejua atakosea, na mwili utakaolipa ni wako.

Ukipewa dawa ya kushuka moyo, uliza maswali matano: Ugonjwa wangu unaitwaje? Dawa hii inaitwaje? Nitarajie nini wiki mbili za kwanza? Nirudi lini? Nitaiacha vipi? Mhudumu mwema hatakasirika. Akikasirika, uliza tena kwa upole.

Usikawie ikiwa kuna maumivu ya kifua unapofanya kazi, kuzimia, kuchanganyikiwa, kifafa, au fikira za kujiua. Hayo hayangoji Jumatatu.

Na kama tayari unameza tembe hizi, tafadhali usizitupe kwa sababu ya makala hii. Rudi kwa aliyekupa, zungumza naye.

TURUDI PAP ONDITI

Mama yetu wa mfano alipewa dawa ya kutuliza tezi, na ile tembe ya kwanza ikaondolewa polepole. Baada ya miezi kadhaa gauni zilianza kumkaa tena. Mikono ilitulia, akahesabu chenji bila kukosea.

Lakini siku moja, akianika omena, alimwambia binti yake jambo ambalo yafaa ulisikie. "Nyathina, ile tezi imepona. Lakini bado naamka usiku mvua ikinyesha. Nasikiliza kama maji yanakuja."

Binti hakumwambia ni mawazo tu. Aliweka chini beseni, akaketi kando yake juu ya gunia, akasema, "Niambie, Mama. Usiku ule maji yalipoingia, ulikuwa wapi?"

Mama akaanza kusimulia. Jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa kabla hajamaliza. Wakunga wa maneno walisema mficha uchi hazai. Vilevile, mficha maradhi kifo humuumbua. Mpeleke mgonjwa wako apimwe mwili, kisha keti naye umsikilize. Moja bila jingine ni nusu ya tiba.